TAHADHARI: Kempa za "full ukarabati" hapa Columbus, juu rangi mpya, ndani mbao zimeoza

Ndugu zangu wa Columbus, Ohio, na miji ya jirani, hasa wenye watoto mnaotafuta kempa kabla shule hazijafungwa, someni hii kwanza. Kuna mtu anauza zile kempa za kunyanyua paa, trela fupi ambalo ukizungusha hendeli paa linapanda, turubai linakaza na vitanda vinachomoza pembeni. Anapita kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, Kiswahili chake safi, kila mtu ni "shemeji" au "dada yangu", na bei yake iko chini ya wengine kidogo tu, isije ikakushtua. Jina lake siliandiki. Naandika anavyofanya, kwa sababu namba ya simu atabadilisha lakini kazi ya mikono yake mtaitambua popote.

Mimi riziki yangu iko kwenye bodi za magari na faiba, ndiyo maana watu huniita. Familia kadhaa zimeniomba niangalie walichouziwa, na kila nikibandua dari nakuta madudu yale yale.

Ananunua kempa za zamani zenye paa la plastiki ya ABS. Plastiki hiyo hutanuka na kusinyaa kwa joto mara tatu ya alumini, au zaidi. Paa la mita tatu na nusu, ukilitoa kwenye baridi ya Januari ya Ohio ukalipeleka kwenye jua la Julai, linarefuka zaidi ya sentimita moja. Sasa pembeni limebanwa kwa skrubu, litaenda wapi? Linapasuka, aghalabu kuanzia kwenye kona au kwenye tundu la skrubu. Maji yanapenya hadi kwenye mbao zilizo ndani ya paa. Baridi ikirudi yanaganda, na maji yakiganda ujazo wake huongezeka kwa karibu 9%, kwa hiyo kila msimu wa baridi unausukuma ufa mbele. Hadi hapo hakuna dhambi ya mtu. Nyufa hizo zinatengenezeka na wapo wanaozitengeneza vizuri.

Yeye anachofanya ni kujaza silikoni ya dirishani kwenye ufa, kumwaga juu rangi nzito nyeupe ya mpira, kisha kubandika karatasi mpya kwenye dari kuficha madoa ya maji. Mbao hakuzigusa. Zimelowa, zimefungiwa juu na chini, zinaoza zikiwa zimevaa nguo ya harusi. Na silikoni ndiyo inayoniudhi kuliko vyote, kwa sababu inamharibia kazi hata fundi atakayekuja baada yake: hakuna gundi wala rangi inayoshika juu yake, hata silikoni nyingine haishiki. Inabidi ikwanguliwe yote hadi plastiki safi ndipo kazi ianze. Saa nyingi, fedha nyingi, na anayelipa ni wewe.

Ukienda kuiona, utakuta keshalinyanyua paa, turubai limefunguliwa, feni inapuliza, na ndani kunanukia marashi ya gari. Mwambie aishushe, halafu uinyanyue mwenyewe kwa hendeli. Paa lililonywa maji ni zito, na mara nyingi kona moja hubaki nyuma. Panda kwenye vitanda, bonyeza dari kwa dole gumba, hasa kwenye kona na kuzunguka tundu la hewa. Ikibonyea kama mkate, rudi nyumbani. Chukua bisibisi ukaze skrubu zinazoshika nguzo za kunyanyulia paa. Skrubu inayozunguka bila kukaza imekosa mbao ya kung'ata. Lala chini uchokonoe kingo za sakafu kwa ncha ya bisibisi hiyo hiyo. Akikukatalia kuchokonoa, jibu umeshalipata.

Kipima unyevu cha kawaida kinauzwa dola 30 hivi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mbao iliyo salama husoma chini ya 15%. Ikipita 20% kuna maji, hata kama kwa macho pamekauka. Na kama unaweza, nenda siku iliyofuata mvua kubwa, bila kumpigia mapema.

Kuna hatua ya pili, na hapa ndipo watu wanapigwa zaidi. Paa likianza kuvuja baada ya wiki chache, hakimbii. Anakuja mwenyewe, anasikitika, anasema "huu ufa ni mpya, shemeji, barabara mbovu", anadai malipo ya ukarabati kwanza kwa Zelle (ile huduma ya kutumiana pesa kwa simu kupitia benki), halafu anaongeza silikoni juu ya silikoni. Zelle ukishaituma kwa hiari yako ni kama umempa mtu noti mkononi, benki mara nyingi haikurudishii. Nimeona mama mmoja aliyemlipa ukarabati zaidi ya nusu ya bei ya kempa yenyewe.

Ukarabati wa kweli unaonekana hivi, ili msidanganywe tena na yeyote: silikoni na rangi ya zamani vinaondolewa, mwisho wa ufa unatobolewa kitundu kidogo ili usiendelee, ufa unazibwa kwa ABS iliyoyeyushwa kwenye asetoni au kwa gundi ya epoksi laini ya plastiki, na wavu unawekwa kwa ndani. Mbao zilizooza zinakatwa na kubadilishwa, zilizolowa zinaachwa zikauke kabisa. Rangi ni ya mwisho. Anayekuahidi haya yote kwa mchana mmoja anakutania.

Upande wa karatasi, hati ya umiliki iwe na jina la huyo huyo anayekuuzia. Huyu bwana huja na hati yenye jina la Mzungu fulani, sahihi imeshawekwa, nafasi ya mnunuzi iko wazi. Hapa Ohio muuzaji anasaini hati mbele ya notari (afisa wa kushuhudia sahihi), kwa hiyo nendeni wote wawili siku hiyo hiyo. Namba ya VIN, yaani namba ya utambulisho wa kempa, ipitishe kwenye VINCheck, ukurasa wa mtandaoni wa NICB (shirika la bima linalopambana na wizi na utapeli), ni bure, uone kama iliibwa au iliandikwa hasara na bima. Advansi "ya kukushikia" usitoe kabla ya yote hayo.

Waliokwisha kulipa: mahakama ya madai madogo ya Ohio inapokea madai hadi dola 6,000 na si lazima uwe na wakili. Malalamiko pia yanapelekwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, kitengo cha walaji. Atajitetea kwamba anauza kempa yake binafsi, lakini mtu anayeuza moja baada ya nyingine anafanya biashara, na ushahidi ni matangazo yake ya nyuma. Wenye picha za matangazo hayo nitumieni inbox, pamoja na risiti za Zelle. Msimwambie kwanza, akihisi anafuta kila kitu.