Tahadhari: muuzaji wa seti za LED za indiketa kwa magari ya zamani, anakula pesa mara mbili na kukuachia hatari ya moto

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar es Salaam. Ninaandika kwa ajili ya wenye Hilux za zamani, Land Cruiser, Land Rover, Corolla za miaka ya tisini, na pia wenye pikipiki. Kuna muuzaji anatangaza mtandaoni seti ya balbu za LED za indiketa, "chomeka tu iwake". Ukurasa wake umeshabadilishwa jina zaidi ya mara moja, kwa hiyo nikitaja la leo halitawasaidia kesho. Nitaeleza anavyofanya, mtamtambua kwa mwenendo wake.

Anaanza na video. Mezani kuna betri, swichi na balbu nne za LED, zinapiga kwa mwendo mzuri wa indiketa. Mteja anavutiwa, anauliza bei, anaambiwa 45,000 kwa seti kamili. Analipa kwa simu, kwenye namba ya mtu binafsi, boksi linakuja na bodaboda. Ndani kuna balbu nne na stika. Sasa simamisha ile video uangalie vizuri nyuma ya betri: kuna kiboksi cheusi chenye nyaya tatu. Hiyo ni flasha ya kielektroniki ya LED, na ndiyo inayofanya zile balbu zipige sawasawa. Kwenye boksi unaloletewa haimo. Anajua kabisa kwamba bila hiyo balbu zake hazitapiga vizuri kwenye gari lako, na ameificha kwa makusudi.

Nieleze kwa nini, maana akikupigia simu atakuzungusha kwa maneno mengi. Flasha ya zamani kabisa yenye pini mbili ina kipande cha metali mbili ndani. Umeme unaopita kwenda kwenye balbu ndio unaokipasha, kinajikunja, kinakata. Kikipoa kinarudi, taa zinawaka tena. Balbu mbili za wati 21, ya mbele na ya nyuma, hunyonya karibu ampea 3.5 kwenye volti 12. LED zake hazifiki hata ampea moja zote mbili. Kile kipande hakipati joto la kutosha, kwa hiyo indiketa inawaka bila kupiga, au haiwaki kabisa. Hali hii naiona sana kwenye Land Rover za zamani.

Toyota nyingi za miaka ya tisini ndani yake kuna flasha inayopima umeme. Imetengenezwa hivyo ili balbu moja ikiungua indiketa ikimbie, yaani ipige haraka haraka, dereva ajue. Ukiweka LED inaona umeme kidogo, inahesabu kwamba balbu imekufa, na indiketa zinakimbia. Viwango vya kimataifa vinataka indiketa ipige kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Hizi zinavuka hapo, na dereva aliye nyuma yako usiku Morogoro Road anaona taa inatetemeka tu, hajui unakata kona au gari lina hitilafu.

Mteja anapolalamika, muuzaji hashangai hata kidogo. Anamwambia kwa upole, "Kaka, gari lako ni la zamani, linahitaji rizista. Nina nne hapa, 20,000." Na hapa ndipo nimeona lazima niandike. Biashara ya kwanza ilikuwa ya kukupunja. Hii ya pili inakuletea moto ndani ya gari.

Rizista ya kweli ya kazi hii ni ya om 6, wati 50, ina mwili wa alumini wa rangi ya dhahabu wenye mapezi na matundu mawili ya skrubu. Inafungwa sambamba na balbu ili inyonye umeme ambao LED hainyonyi. Injini ikiwa inanguruma na volti zimefika 14, rizista moja inavuta ampea 2.3 hivi, na wati karibu 33 zote zinageuka joto. Ni sawa na pasi ya kulehemu ya fundi redio, na umeifunga nyuma ya taa yako. Ndiyo maana hata ile nzuri lazima ikazwe kwa skrubu kwenye bati tupu la bodi, mbali na plastiki, mbali na kapeti, mbali na fungu la nyaya. Zile wati 50 zilizoandikwa juu yake zinahesabiwa ikiwa imefungwa kwenye metali inayobeba joto. Ikining'inia hewani haivumilii kiasi hicho.

Za huyu muuzaji si za wati 50. Rizista halisi ya wati 50 ina mwili wa karibu sentimita 5 kwa urefu. Hizi zake zina chini ya sentimita 3, ambao ni ukubwa wa wati 25, lakini juu zimechapwa 50W. Nimezipima kwa mita: om zinakaribia sita kweli, kwa hiyo zinavuta umeme uleule, ila mwili wa kutoa joto haupo. Wino wake ukiusugua kwa kitambaa chenye petroli unatoka. Halafu mbaya kuliko yote, anazileta na gundi ya tepu ya pande mbili imeshabandikwa mgongoni, na karatasi ya maelekezo inayosema ubandike "popote ndani ya taa". Popote ndani ya taa ni plastiki, wakuu. Yeyote aliyewahi kushika rizista inayofanya kazi hawezi kuandika maneno hayo kwa nia njema.

Ukikata kona ya kawaida hutagundua kitu, maana indiketa inapiga sekunde chache na inapopiga nusu ya muda imezimika. Hatari iko kwenye hazadi, zile indiketa nne zinazopiga pamoja gari likiharibika. Mteja mmoja wa Hilux aliharibikiwa Kitonga, akawasha hazadi kama inavyotakiwa, akakaa akisubiri msaada. Alipoletwa kwangu, kioo cha indiketa ya nyuma kulia kilikuwa kimejikunja, tepu imeyeyuka, rizista imedondokea kwenye fungu la nyaya na kuunguza ngozi za nyaya tatu, mmojawapo wa taa ya breki. Fyuzi haikukatika, kwa sababu ampea mbili za rizista ni kidogo mno kwa fyuzi ya indiketa. Fyuzi inakulinda nyaya zikigusana, haikulindi na kitu kinachochemka taratibu kwa umeme wa kawaida. Nilipofungua upande wa kushoto, tepu ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi.

Aliporudi kwa muuzaji akiwa na picha, akaambiwa "fundi wako ndiye hajui kufunga". Siku iliyofuata namba ikawa haipokei ujumbe wake. Wateja wengine walioniletea seti hizihizi wamesimulia mwisho uleule.

Kuna mambo mengine ya seti yake nitayapitia kwa haraka. Balbu zimeandikwa "CANbus", na anatumia neno hilo kama sifa. CANbus ni mtandao wa kompyuta za ndani ya gari, na Toyota ya mwaka 1994 haina mfumo huo. Maana halisi ya maandishi yale ni kwamba ndani ya balbu wamebana virizista vidogo, kwa hiyo kitako cha balbu kinachemka na kulegeza holda yako ya zamani, ambayo plastiki yake imeshakauka kwa jua la miaka mingi. Rangi nayo: analeta LED nyeupe na kusema kioo cha chungwa kitaifanya iwe ya chungwa. LED nyeupe ina bluu nyingi na chungwa kidogo, kwa hiyo kioo kinazuia sehemu kubwa ya mwanga na taa inabaki hafifu na kupauka. Kioo cha chungwa kinataka LED ya chungwa. Na wenye Land Cruiser za dizeli zilizotoka soko la Japani, angalieni kwanza kama gari ni la volti 24. Yeye haulizi volti, anatuma za 12 kwa kila mtu.

Wenye pikipiki na baadhi ya magari ya zamani, nyinyi mna tatizo la ziada ambalo analitumia kuwauzia swichi. Chombo chenu kina taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi, imeungwa kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Ikiwa na balbu za kawaida hakuna shida. Ukiweka LED, umeme wa upande wa kushoto unapita kwenye hiyo taa ndogo na kutosha kuwasha LED za kulia, hivyo ukikata kushoto zinapiga zote nne. Swichi yako ni nzima, usinunue nyingine. Dawa ni dayodi mbili (vifaa vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) aina ya 1N4007, ambazo maduka ya vifaa vya redio huuza kwa bei ndogo sana. Moja itoke waya wa kushoto, nyingine waya wa kulia, pande zenye mstari wa fedha ziungane na kuingia kwenye taa ya dashibodi, na mguu wa pili wa taa upelekwe bodi, yaani kwenye bati la chombo.

Kwa anayetaka LED kweli, sina ugomvi nazo. Zinadumu, zinawaka papo hapo, na kwa gari lenye nyaya zilizochoka zinapunguza mzigo. Kinachotakiwa ni kubadilisha flasha, na rizista usiziguse kabisa. Flasha ya kielektroniki ya LED inapiga kwa saa yake yenyewe, haijali balbu inavuta kiasi gani. Nyingi zina pini tatu: B inaingia umeme, L inakwenda kwenye taa, E inakwenda bodi. Angalia herufi kabla ya kuchomeka, kwa sababu kuna aina mbili zinazofanana kabisa kwa umbo lakini pini zimepangwa tofauti. Ukichomeka isiyo yake unaweza kuunganisha umeme moja kwa moja na bodi. Kama gari lako lilikuwa na flasha ya pini mbili, vuta waya mpya wa bodi, na ukwangue rangi na kutu pale unapoufunga. Baadhi ya magari ya zamani ya Uingereza yana flasha mbili, moja ya indiketa na nyingine ya hazadi, badilisha zote. Toyota za baadaye zenye flasha ya pini nyingi zinahitaji ya kwake maalumu, hiyo ya pini tatu haiingii. Ukishaweka flasha hii kumbuka kitu kimoja: haitakuambia tena balbu ikifa, kwa hiyo zunguka gari uangalie taa kila mara kabla ya safari.

Kwenye kununua, mtake muuzaji akufungie au umlipe baada ya kuziona zikipiga kwenye gari lako mwenyewe, mbele na nyuma, kushoto na kulia, na hazadi. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri anakubali hilo bila maneno. Lipa kwa Lipa Namba yenye jina la biashara, dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), usitume pesa kwenye namba ya mtu ambaye jina linalotokea halifanani na la ukurasa. Mwambie pia akutumie picha ya rizista au flasha ikiwa pembeni ya rula. Huyu ninayemsema akiombwa rula anakasirika.

Walioshalizwa, msifute mazungumzo. Chukueni picha za ujumbe, za muamala na za tangazo, mwende kituo cha polisi mkapewe RB, namba ya taarifa yenu. Namba iliyowatapeli itumeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Tume ya Ushindani, FCC, inashughulikia bidhaa bandia, na rizista ya wati 25 iliyochapwa 50 ni bandia waziwazi. Mtu mmoja akilalamika peke yake huambiwa ni ugomvi wa bei. Malalamiko ya wengi juu ya bidhaa ileile yanabeba uzito.

Na kama umeshafungiwa zile rizista fupi za dhahabu, fanya hivi leo kabla hujasafiri. Toa kifuniko cha taa ya nyuma, fuata nyaya mbili za rizista mpaka zilipobanwa kwenye waya wa indiketa na wa bodi. Ondoa vibanio, kagua ngozi ya waya pale ilipokatwa, izibe vizuri. Rizista usiiguse kwa mkono mtupu kama hazadi ilikuwa inapiga, inaunguza ngozi. Kisha rudisha balbu zako za kawaida za wati 21 kwenye ile flasha ya zamani. Indiketa zitapiga kama zamani, na gari litakuwa salama wakati unatafuta flasha sahihi.