Sensa za sukari: ipi ununue Uganda, ipi uiache

Sensa ya sukari ni kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye ngozi ili kumwonyesha mwenye kisukari sukari yake mchana na usiku. Kabla ya kuulizia bei, itazame simu yako kama ina NFC, uwezo wa simu kusoma kifaa inapokigusa. Sensa nyingi za aina ya Libre huwashwa kwa kugusishwa na simu, na simu nyingi za bei nafuu madukani Kampala hazina kitu hicho. Wengi hugundua sensa ikishabandikwa, na iliyobandikwa haibanduliwi ikabandikwa tena.

Ndiyo maana ya kwanza kwetu ni FreeStyle Libre 2 ikinunuliwa pamoja na kisomaji chake, kifaa cha mkononi kinachoonyesha namba. Hukaa siku 14 nyuma ya mkono, huanza kutoa namba baada ya dakika 60, na hulia sukari ikivuka mipaka uliyoweka. Kisomaji hakidai simu wala bando. Chagua cha mmol/L, kipimo ambacho kliniki nyingi hapa hutumia. Cha mg/dL, kipimo kingine cha sukari, hakibadilishiki, na kugawa kwa 18 huku mwili unatetemeka si kazi ya mtu. Kasoro yake ni vitamini C. Ukizidisha miligramu 500 kwa siku, namba hupanda kwa uongo, na kidonge kimoja tu cha mafua cha kuyeyusha kwenye maji mara nyingi kina 1000. Sukari inashuka, sensa inakwambia uko salama.

Ya pili ni Dexcom G7. Huwa tayari ndani ya dakika 30, hutumia Bluetooth tu, na mzazi huweza kufuatilia namba za mtoto kwenye simu yake mwenyewe. Kwa mtoto anayechomwa insulini tungeipa nafasi ya kwanza, mfuko ukiruhusu. Toleo la kawaida hukaa siku 10 na saa 12 za nyongeza, kwa hiyo mwaka hula sensa kama 35, Libre ikila 26. Linganisha bei kwa siku, si kwa boksi. Mgonjwa wa sikoseli anayemeza hidroksiurea asiitumie: dawa hiyo huifanya Dexcom isome juu ya sukari halisi.

Ya tatu ni SIBIONICS GS1 ya China, siku 14, nayo ya Bluetooth. Nunua moja kwanza, uilinganishe na glukomita, mashine ya kupima damu ya kidole, siku kadhaa. Matoleo hufuata nchi, basi muuzaji afungue programu kwenye simu yako palepale dukani, kabla hujalipa.

Saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, ziache. Februari 2024 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilionya kwamba haijaidhinisha hata moja. Na anayetumia metformin, vidonge vya kisukari, peke yake, sukari ikiwa imetulia, stripi za glukomita zinamtosha.

Joto huua sensa kimyakimya. Maboksi mengi huandikwa mwisho nyuzi 28 au 30, sasa fikiria boksi lililosafiri kwa basi hadi Arua mwezi wa Februari, karibu na injini. Uliza lilihifadhiwa wapi, soma tarehe ya mwisho, na usikubali lililofunguliwa.

Kubandika: osha mkono kwa sabuni isiyo na mafuta, pangusa kwa spiriti, subiri ikauke kabisa. Vaseline ya asubuhi ndiyo hung'oa sensa siku ya tatu. Anayepanda boda na begi la mgongoni aibandike upande ambao mkanda haugusi. Saa 24 za mwanzo usiziamini sana. Pima na kidole kabla ya kudunga insulini. Hata baadaye sensa husoma majimaji ya chini ya ngozi, si damu, hivyo huchelewa dakika kadhaa baada ya posho au soda.

Ukiulalia mkono wenye sensa, namba huanguka bila sukari kushuka. Kengele ikilia usiku, geuka, pima kidole. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, upime tena baada ya dakika 15.