Fimbo nyeupe ya alumini kwenye mawe ya Goma: ncha, viungio na kinachofika mkononi

Fimbo tunayoijadili ni ile ya kawaida kabisa ya mtu asiyeona: bomba la alumini lililokatwa vipande vinne, uzi wa mpira unaopita ndani na kuvishika pamoja, mpini wa raba juu, kipande chekundu chini, na ncha nyembamba ya nailoni. Tumeilinganisha na ndugu yake isiyokunjwa, ya nyuzi za kioo, na kuivalisha ncha za aina tatu. Kwenye lami ya bulvari na sakafu ya saruji, inafaa. Ukiingia nayo njia za ndani za Majengo au Ndosho, mitaa ya Goma, mashariki mwa Kongo, inaanza kumficha mwenyewe mambo.

Wanunuzi wengi huangalia kama inakunjika vizuri na kuingia kwenye mfuko. Hilo lina maana ndani ya teksi iliyojaa, lakini kazi ya fimbo ni kupeleka habari za chini hadi kwenye kidole cha shahada, na hapo ndipo ipimwe.

Kuna wanaoamini kwamba mtu akipoteza macho, ngozi na masikio yake hunoleka yenyewe. Mambo hayaendi hivyo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walipima vidole na midomo ya watu wasioona na wanaoona. Vidole vya wasioona vilitambua mifereji iliyochongwa myembamba zaidi. Midomo yao haikuwa na tofauti na ya wengine. Kama giza peke yake lingenoa ngozi, midomo nayo ingenoleka. Kinachonoa ni kazi ya kila siku, hasa kusoma Braille. Ubongo nao hugawa upya nafasi yake: tangu 1996 inajulikana kwamba msomaji wa Braille asiyeona hutumia, wakati wa kusoma kwa vidole, sehemu ya ubongo ambayo kwa wengine ni ya kuonea. Kwa hiyo aliyepoteza macho mwaka huu asitarajie kwamba mkono wake utaielewa fimbo wiki ya kwanza. Na fimbo mbovu inauchelewesha mkono huo kujifunza.

Sasa viungio, kasoro kubwa ya fimbo hii. Vipande vya alumini huingiliana kwa sentimita chache, na vumbi la volkano la Goma ni kama msasa: linaingia kwenye viungio na kula chuma taratibu. Baada ya muda utasikia mlio mdogo, tk, kila unapoigeuza fimbo kutoka kushoto kwenda kulia. Mlio huo ni kiungio kinachocheza, na una madhara kuliko unavyodhani.

Ili kuelewa kwa nini, tuanze na mtekenyo. Hakuna anayeweza kujitekenya kwapani akacheka. Mwaka 1998, huko London, Sarah-Jayne Blakemore na wenzake Daniel Wolpert na Chris Frith walionyesha kwamba serebelamu, sehemu ya nyuma ya ubongo, hutabiri mguso unaotokana na mwendo wetu wenyewe, na mguso uliotabiriwa hupunguzwa nguvu. Baadaye walitumia roboti iliyobeba kipande cha sponji: mtu anaisukuma kwa mkono mmoja, nayo inapapasa kiganja cha mkono wa pili. Ilipopapasa papo hapo, mtekenyo ulikuwa hafifu. Ilipocheleweshwa sehemu moja, mbili, hadi tatu za kumi za sekunde, mtekenyo ulizidi hatua kwa hatua. Mguso uleule, mkono uleule. Kilichovurugika ni utabiri.

Tunaitazama fimbo kwa jicho hilohilo. Mkono unaojua mwendo wake mwenyewe huupuuza, na kinachobaki ni habari za chini: jiwe, shimo, ukingo wa mtaro. Kiungio kinapocheza, mwisho wa fimbo haufuati tena kifundo cha mkono sawasawa. Kila mzunguko unaleta mtikisiko ambao mkono haukuutarajia, na jiwe dogo linapotea humo. Ndiyo maana fimbo ya nyuzi za kioo isiyokunjwa, ambayo haina kiungio hata kimoja, inasoma mawe madogo ambayo ya alumini iliyochakaa inayapita kimya. Tatizo lake ni lilelile linalowafanya watu waikatae: huwezi kuikunja kanisani wala kwenye basi, na ikigongwa sana hupasuka vijiti vidogo vinavyochoma vidole. Hapo ifunge kwa utepe mgumu, usiipapase.

Mtekenyo unaeleza pia kosa ambalo wapita njia wa mtaa wa Birere hufanya kwa nia njema, la kumdaka mtu mkono ghafla ili kumvusha. Anayeona huuona mkono ukija, naye anajiandaa. Asiyeona hapewi onyo, mguso unamfikia ukiwa mzima, na mwili unaruka. Kama ulioshikwa ni mkono wenye fimbo, amenyang'anywa hata jicho. Sema kwanza, "Jambo papa, nikusaidie kuvuka?" kisha mpe kiwiko chako akishike yeye.

Turudi kwenye ncha. Nyembamba ya nailoni, yenye unene wa kalamu nene, ni kali ya kusikia na nyepesi. Kwenye saruji inatoa mlio safi. Lakini mji huu umekaa juu ya mawe ya volkano. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati yake hadi ziwani, watu wakajenga juu yake. Jiwe hilo lina matundu na nyufa, na ncha nyembamba inanasa. Ikinasa wakati unatembea, mpini unakuchoma tumboni. Anayechomwa mara kwa mara hujifunza kuinua fimbo juu na kuipeperusha hewani, na fimbo iliyo hewani haimwambii kitu.

Ncha nene ya duara, upana wa sentimita mbili na nusu hivi, ndiyo tunayoipendekeza kwa Goma. Inanasa mara chache na bado inaleta mtetemo mzuri. Ile ya mpira mkubwa unaozunguka, wa sentimita tano hivi, inapita juu ya nyufa kwa urahisi kuliko zote, ila uzito wake uko mwisho wa fimbo, mahali ambapo kila gramu inauchosha mkono. Isitoshe, vumbi likiingia kwenye sehemu inayozunguka, inagoma upande mmoja na kulika hadi iwe bapa. Kwa njia fupi sawa. Kwa anayetoka Katindo hadi soko la Virunga kwa miguu, hapana.

Usikubali fundi akuwekee kofia ya raba ya magongo ya kutembelea. Inakaa vizuri na haigharimu kitu, lakini imetengenezwa ili ishike chini isiteleze, kinyume kabisa na unachokihitaji. Tena raba inameza mtetemo. Ndani ya ngozi ya kiganja kuna vipokezi vinavyohisi mtetemo wa haraka, vikiwa makini zaidi kwenye mitetemo 200 hadi 300 kwa sekunde, na raba laini inazima huo kwanza. Changarawe na udongo mkavu vinakuwa kitu kimoja.

Raba inaua sauti pia. Mwaka 1944 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichunguza watu wasioona waliokuwa wakihisi ukuta kabla ya kuugusa. Baadhi yao waliamini wanauhisi kwa ngozi ya uso. Walipozibwa masikio, waliugonga. Walikuwa wakisikia mwangwi wa hatua zao bila kujua. Ncha ngumu inatoa mlio mfupi ambao masikio yanaweza kuufanyia kazi hiyo: ukuta laini wa saruji unaurudisha wazi, ua wa mawe ya lava yaliyopangwa unautawanya, na mlango ulio wazi unaonekana kama pengo katika sauti. Mvua ikianza kupiga mabati, au jenereta ikiwashwa, hayo yote yanakwisha; punguza mwendo, tegemea mkono. (Pua haiongezi sana. Vipimo kwa jumla havijaonyesha kwamba pua ya asiyeona ni kali kuliko za wengine. Anaizingatia zaidi tu, na mahali pa kukaangia samaki ni alama nzuri ya njia hadi siku muuzaji asipokuja.)

Urefu. Simama wima ukiwa umevaa viatu vyako vya kila siku, upime kutoka chini hadi kwenye ncha ya chini ya mfupa wa kifua. Mtu wa sentimita 170 atapata kama 120 hadi 125. Kwa Goma ongeza sentimita tano hadi kumi, kwa sababu mitaro mingi haina vifuniko na unahitaji hatua moja zaidi ya kusimama. Usizidishe: katikati ya umati wa Birere fimbo ndefu inaingia miguuni mwa watu na chini ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyojaa mizigo. Chukudu ikiipanda, alumini inapinda. Unaweza kuinyoosha kwa goti, ila pale ilipopinda itavunjika siku nyingine.

Mshiko wake: mkono mbele ya kitovu, kidole cha shahada kimelala juu ya mpini bila kukazwa, mwendo utoke kwenye kifundo. Gusa kushoto mguu wa kulia unapotangulia, kisha kulia kwa mguu wa kushoto, kila upande ukizidi bega kwa sentimita mbili na nusu hadi tano. Kuburuza chini mfululizo ni kuzuri kwenye lami na saruji. Kwenye jiwe la lava gusa na kuinua kidogo, sentimita mbili tatu, si zaidi. Na kitanzi cha mpini kisivaliwe mkononi barabarani. Motari, dereva wa pikipiki, akiinasa fimbo kwa gurudumu, bora iende yenyewe.

Hakuna fimbo itakayokuonya kuhusu bati la kibanda lililochomoza usawa wa paji la uso. Karibu na vibanda, mkono wa pili uwe mbele ya uso, kiganja nje.

Matunzo ni rahisi, ila hufanywa vibaya. Viungio vipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, kisha vikaushwe. Usipake mafuta: yanashika vumbi, na vumbi lenye mafuta linakula chuma haraka zaidi. Uzi wa mpira ukilegea, vipande vinaachana vyenyewe barabarani, na hilo ni hatari kuliko kuvunjika. Kuubadilisha, nyoosha fimbo, vuta ncha itoke, fungua fundo la upande wa mpini, funga uzi mpya kwenye mkia wa ule wa zamani na uvute taratibu upite ndani ya vipande vyote. Ukate uwe mfupi kuliko fimbo kwa robo hadi theluthi, uuvute hadi ufike, ufunge fundo mara mbili. Mkanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki unafanya kazi kwa muda, lakini kingo za alumini zinaukwangua. Utazame kila mwezi.

Tunaipa fimbo hii nyota tatu kati ya tano ikiwa na ncha nene, mbili ikibaki na ile nyembamba. Ya nyuzi za kioo isiyokunjwa inapata nne, na anayeishi peke yake karibu na anakofanyia kazi asisite kuichukua. Kabla ya kulipa, ishike ikiwa mlalo, uitikise: isitoe mlio wowote. Kisha uigonge kwenye saruji, kwenye katoni na kwenye mchanga nje ya mlango, macho ya kila mtu yakiwa yamefumbwa, hata ya muuzaji. Kama mkono hautofautishi vitu hivyo vitatu, omba nyingine.