Inception: ile pia ilianguka au haikuanguka?

Mara ya kwanza niliitazama Inception, filamu ya Christopher Nolan ya mwaka 2010, katika ukumbi wa vidio Kondele, hapa Kisumu. Mabenchi yamejaa, joto la jioni halina huruma. Tumevumilia ndoto ndani ya ndoto kwa karibu dakika 148. Cobb, anayeigizwa na Leonardo DiCaprio, amefika nyumbani, ameizungusha pia, kile kichezeo cha kuzungusha, mezani, kisha ametoka nje kwa wanawe. Kamera inabaki na pia. Inazunguka, inazunguka, inayumba kidogo, mara giza.

"Stima imepotea!" nusu ya ukumbi ikapiga kelele. Nikainua macho: feni bado inazunguka. Mzee aliyeketi kando yangu alisema tumepunjwa, akamtaka mwenye ukumbi arudishe nyuma. Akarudisha. Giza likaja palepale.

Kwa asiyeijua: ile pia ilikuwa ya Mal, marehemu mkewe Cobb. Ukiwa ndotoni haianguki kamwe. Ukiwa macho, huanguka. Basi kukata picha kabla hatujaona ni kutunyima jibu tulilolilipia. Ndivyo nilivyoamini nikirudi nyumbani usiku ule, na niliudhika kwelikweli.

Jumamosi iliyopita nimeitazama tena Migosi, kwa dada yangu mkubwa, na nimebadili msimamo. Kuna onyesho la mapema ambapo Cobb amejifungia chumbani, bastola mkononi, macho yote kwenye pia, akiingoja ianguke. Mtu huyo wa bastola ndiye anayeipa pia kisogo mwishoni. Haingoji tena. Na visogo ndivyo vilivyomtesa filamu nzima: kila akiwakumbuka wanawe, wamempa mgongo, wanakimbia kabla hawajageuka. Mwishoni wanageuka, tunaziona nyuso zao. Swali lililombeba tangu alipoikimbia Marekani lilikuwa kama ataziona tena nyuso hizo, na limejibiwa mbele ya macho yetu. Swali la pia tumebaki nalo sisi. Kwangu hadithi hiyo imekamilika.

Dada hakubali hata kidogo. "Sigana za nyanya zilikwisha kwa thu tinda," aliniambia, yaani hadithi za Kijaluo na maneno ya kuzifunga, "na hapo ulijua zimwi limekufa. Huyu amenibebesha mzigo saa mbili na nusu akanitua njiani." Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu hata mimi napenda zimwi life. Lakini sisi tuliocheza pia uani tunaijua ile hali: ikianza kuyumba, kasi imeiishia. Yeye naye aliicheza, na anasema aliona pia nyingi zikiyumba zikasimama tena. Tulibishana hadi chai ikapoa.

Kuna mambo mengine yaliyoniudhi. Sehemu ya vita katika theluji ni ndefu, watu wamejifunika hivi kwamba sikujua nani anampiga nani. Halafu Mombasa! Cobb anakwenda Mombasa kumtafuta mwenzake Eames, nikajiweka sawa kitini kuiona pwani yetu, kumbe walipigia picha Tangier, Moroko. Mkenya yeyote anaitambua kwa sekunde moja kwamba hiyo si Mombasa, na inauma, maana jina letu wamelitumia na mitaa yetu wameiacha. Muziki wa Hans Zimmer, kwa upande mwingine, uchezeni kwa spika nzuri.

Naipa nyota 4 kati ya 5, mwisho ukiwa ndio sababu kubwa.

Jumapili dada alinipigia simu kuuliza kama watoto wa mwishoni ni walewale wa kwenye ndoto, kwa kuwa alihisi wamevaa nguo zilezile. Nikamwambia asizime yale majina ya mwishoni, asome. Phillipa, binti wa Cobb, ameandikwa mara mbili, wa miaka 3 na wa miaka 5. James, mwanawe wa kiume, vilevile, wa miezi 20 na wa miaka 3. Alinyamaza kwenye simu, kisha akasema anaianza upya.