Spika za gitaa kwa roki nzito na metali: Vintage 30, T-75, Greenback na EVM12L

Wakuu, kama unapiga metali na hela uliyonayo inatosha kitu kimoja tu, achana na pedali nyingine ya distoshoni (ile ya kuifanya sauti ikorome), badilisha spika. Naona watu wanahangaika na nobu za ampu miaka na miaka, trebo inashushwa, geni (kiwango cha distoshoni) inapandishwa, kesho inarudishwa, na kumbe ile sauti wanayoichukia inatoka kwenye koni (ile karatasi ya spika) ya inchi 12 ambayo hawajawahi hata kuchungulia nyuma wasome imeandikwa nini.

Halafu jambo moja kabla sijaendelea. Spika ya gitaa sio spika ya muziki. Ya gitaa ikifika kama hezi 5000 inaanza kukata yenyewe, na hiyo ndo kazi yake, maana distoshoni ukiipitisha kwenye spika inayopanda mpaka juu kabisa unasikia nyuki ndani ya debe. Kwa hiyo fundi akikwambia "weka hii ya PA, ina wati 500", yaani spika za kutangazia ukumbini, mwambie asante, hapana. Wati haziongezi utamu, zinakwambia tu spika inavumilia moto kiasi gani kabla koili (waya uliosokotwa nyuma ya koni) haijaungua.

Hizi nazozilinganisha nimezipiga kwenye kabineti ya spika mbili iliyofungwa nyuma, hedi (ampu isiyo na spika ndani) ya taa, yaani ya valvu, ya wati 100, gitaa limeshushwa drop C, yaani waya wa chini umelegezwa mpaka noti ya C, ambapo waya wa chini unakaa kama hezi 65, na maikrofoni ni Shure SM57 ileile.

Tuanze na Celestion Vintage 30 (V30) maana ndo kila mtu anaitaja. Wati 60, desibeli 100 (hiyo ni sauti inayotoa kwa wati moja), imekuwepo tangu katikati ya miaka ya 1980, na kabineti za Mesa/Boogie za Rectifier zimejaa hii, kwa hiyo hata kama hujawahi kuigusa umeshaisikia kwenye rekodi nyingi sana za metali ya miaka ya 1990 kuja huku. Sifa yake kubwa ni kwamba sauti za kati zimejaa na pale kwenye hezi 2000 hadi 3000 kuna mlima, na huo mlima ndo unaopendwa na ndo unaolaumiwa. Ukipiga peke yako chumbani inakera, yaani ukikaa mbele yake moja kwa moja inachoma sikio, na ikiwa mpya ndo balaa zaidi kwa sababu koni bado ngumu, inataka masaa mengi ya kupigwa kwa nguvu ndo ilainike. Lakini ngoja drams zianze na besi iingie. Pale ndo utaelewa. Ukizima nyuzi kwa kiganja kila pigo linatoka limesimama peke yake, "dj-dj-dj", na mwenye besi anabaki na nafasi yake chini bila kugombana na wewe. Mimi kwa hilo naipa namba moja na sibadiliki.

G12T-75 (T-75), nayo ya Celestion, ni kinyume chake. Hii ndo iliyowekwa kwenye kabineti ya Marshall 1960A, nne ndani, wati 75 kila moja ndo wanapata zile 300 zilizoandikwa nyuma ya kabineti. Katikati imechimbwa, juu kuna mng'aro, chini kuna mshindo. Ukiwa peke yako aisee unajisikia mfalme, rifu (kile kipande cha gitaa kinachorudiwa) inavimba chumba kizima, na ndo maana wengi wakijaribu dukani wanaichagua hii. Shida inakuja bendi ikianza, maana pale palipochimbwa ndo gitaa linapoishi, juu umeachwa upigane na matoazi na chini upigane na besi, unaishia kupandisha volyumu na bado mwenzako mwenye V30 ndo anasikika. Na kuna hesabu nyingine hapa watu hawaiangalii, T-75 ina desibeli 97, V30 ina 100. Hizo desibeli 3 zinaonekana ndogo kwenye karatasi ila maana yake ni kwamba ampu ya wati 50 kwenye V30 inakupa sauti ambayo kwenye T-75 ungehitaji wati 100. Kubadilisha spika ni rahisi kuliko kununua hedi nyingine. Ila sitaki kuionea, kwa thrash (metali ya kasi) ya kizamani ambayo gitaa lenyewe lilikuwa limechimbwa katikati, T-75 inakupa ule ukali bila kutafuta sana.

Greenback, G12M, ya Celestion pia, wati 25. Sauti yake mi naipenda sana, koni yenyewe inaanza kuvunjika kidogo ukiisukuma na ule uvunjikaji una utamu, joto, gitaa linakoroma. Kwa roki nzito ya miaka ya 1970, za polepole zenye uzito, hii ndo yenyewe. Lakini kwa drop C na geni nyingi besi inalegea, na mbili zikiwa pamoja ni wati 50 tu, ukichomeka hedi ya wati 100 na kufungua unatafuta harufu ya kuungua. Wanaotaka rangi ile wakiwa na ampu kubwa watafute Creamback ya wati 65, G12M-65, imekaa karibu sana na inavumilia.

EVM12L ya Electro-Voice ni mnyama mwingine kabisa. Wati 200, uzito wake peke yake unazidi kilo 8, mbili ndani ya kabineti unahitaji mtu wa kukusaidia kwenye ngazi. Mpiga gitaa wa metali Zakk Wylde mpaka ana toleo lake la wati 300. Hii haivunjiki, unachoingiza ndo unachopata, besi imekaza kama saruji, na kama distoshoni yako ni nzuri utafurahi, ila kama ni mbovu itakuanika mbele za watu. Kwa wa gitaa la nyuzi saba wanaoshuka mpaka noti ya B ningesema waifikirie kabisa, sema bei na mzigo wa kuisafirisha huku kwetu ndo unakatisha tamaa.

Eminence Governor nimeigusa kidogo tu, ya Marekani, wati 75, iko njia moja na V30 ila ule mlima umepunguzwa makali. Kama V30 inakuumiza masikio anza na hii.

Sasa mimi nafungaje? Nachanganya. V30 moja na T-75 moja kwenye kabineti ya mbili, au kwa ya nne naziweka msalaba, V30 juu kushoto na chini kulia, T-75 zinazobaki. T-75 inajaza chini na kuongeza mng'aro, V30 inashika katikati na kwa kuwa ina sauti kubwa kuliko mwenzake ndo inayoongoza. Hapa ndo nilipopata sauti ambayo chumbani inapendeza na jukwaani haipotei. Angalia tu mambo mawili. Omu (ukinzani wa spika) ziwe sawa, mbili za omu 16 ukiziunga sambamba unapata 8, na hiyo 8 ndo uchague nyuma ya ampu, ampu ya taa haitaki mchezo na hilo. La pili, wati hesabu kwa ile dhaifu, V30 na T-75 ni 120, sio 135.

Kabla ya kufunga chukua betri ya volti 9, gusisha chanya kwenye chanya na hasi kwenye hasi mara moja tu, koni itaruka. Zote ziruke kuelekea nje. Ikiwa moja inaingia ndani wakati nyingine inatoka basi waya umegeuzwa, zitakulana zenyewe na besi yote itapotea, halafu utalaumu spika bure.

Na kwa mnaonunua used, ambao ndo wengi wetu, nenda na mita ya kupimia omu. Spika ya omu 8 isome kama 6 hadi 7, ya 16 isome kama 12 au 13. Ikisoma sifuri au isiposoma kabisa ondoka. Halafu weka viganja viwili kwenye koni, sukuma taratibu sawasawa pande zote, ukisikia inakwaruza ndani koili imeshapinda, hata muuzaji apunguze bei vipi usichukue. Mi niliuziwa moja iliyobadilishwa koni, mgongoni stika ni ya Greenback safi kabisa ila mbele karatasi ni nyingine, na gundi imemwagika mpaka kwenye fremu. Hiyo gundi itazameni vizuri, ya kiwandani inakaa mstari mmoja msafi.

Na kama hela bado hakuna, Celestion wenyewe wanauza IR (mafaili ya kompyuta yanayoiga sauti ya spika) za spika zao, pakia kwenye kompyuta, vaa hedifoni, piga rifu zako mwenyewe juu ya drams na besi, usisikilize gitaa likiwa peke yake, halafu ndo uanze kutafuta spika yenyewe.