Simfoni ya Tisa ya Beethoven: ununue rekodi ipi ili alto asikike

Malalamiko ninayopokea kuhusu Simfoni ya Tisa ya Beethoven, kazi ya okestra yenye sehemu nne ambayo kwaya huimba katika ya nne, yanafanana mno. Walimu wa kwaya na waimbaji wa hapa Dar, kuanzia Mbagala mpaka Tegeta, wananunua rekodi ili wanakwaya wao waisikie kazi nzima, kisha wanajikuta na kitu kisichowafaa. Mmoja aliuziwa flashi yenye sehemu ya nne peke yake, nayo imekatwa kabla ya mwisho. Mwingine alipata sehemu zote nne, ila kila moja imepigwa na okestra tofauti na jina la mwongozaji halipo popote. Dada mmoja anayeimba sauti ya pili usharikani kwake aliniandikia sentensi moja tu: "Nimesikiliza yote, sijajisikia popote."

Huyo dada amesema jambo ambalo wanaopanga rekodi hizi kwa ubora hawaligusi. Watakueleza habari za kasi, watabishana kuhusu okestra ya Berlin na ya Vienna, watasifu soprano wa solo. Alto, yaani sauti ya pili, ile ya wanawake iliyo chini ya soprano, hana mtetezi. Mimi naimba alto na ninaamini kwamba kwaya isiyosikika sauti ya pili ni kwaya nusu, hata ikiwa na watu mia mbili. Kwa hiyo nimepanga rekodi hizi kwa kigezo hicho kwanza, vingine baadaye.

Wala sidai upendeleo ambao Beethoven mwenyewe hakuutoa. Wimbo wa Furaha kila mwanakwaya anaujua hata kama hajui ni wa nani: m m f s, s f m r, d d r m, m r r. Katika sehemu ya nne, okestra inaupiga kwanza, chelo na kontrabesi zikianza chini kabisa peke yake. Halafu anasimama besi wa solo, anaimba ubeti wa kwanza, na kwaya inaitikia "Deine Zauber binden wieder", nguvu yako ya ajabu inaunganisha tena. Sasa fungua nota uangalie hapo: soprano wamenyamazishwa. Wanaoimba ni alto, tenor na besi. Yaani kwaya inapofungua kinywa kuimba wimbo huu maarufu kuliko yote, sauti ya kike iliyopo ni alto peke yake. Kwenye rekodi nzuri utasikia wanawake waziwazi, juu ya wanaume, wakiubeba wimbo. Kwenye rekodi mbaya utadhani ni kwaya ya wanaume watupu. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na unaweza kukifanya dukani kabla ya kulipa.

Kipimo cha pili kiko mbele zaidi. Wanaume wanaimba "Seid umschlungen, Millionen", kumbatianeni enyi mamilioni, wakisindikizwa na tromboni. Baada ya kipande cha taratibu kinachofanana na maombi inaanza fyuga, yaani sauti zinaingia kwa zamu na kufukuzana, na inaanzishwa na sauti mbili kwa mpigo: soprano wanaruka na wimbo wa Furaha, alto wanaingia na "Seid umschlungen" kwa nota ndefu, nzito. Beethoven amezifunga hoja zake mbili kuu pamoja, moja akampa soprano, nyingine akampa alto. Kama alto hasikiki, umebaki na hoja moja, na fyuga yote inageuka kelele za shangwe. Endelea kusikiliza mpaka soprano wanaposhikilia ile s ya juu, hatua baada ya hatua, huku sauti za chini zikikimbizana. Waongozaji wengi wanaridhika soprano wasipasuke, basi. Mimi nataka kujua chini yake kunatokea nini.

Sababu ya alto kupotea si uvivu wao. Kwaya inakaa nyuma ya okestra, na sauti ya alto inalingana kimo na viola, klarineti na pembe, ala ambazo ziko karibu zaidi na maikrofoni. Mwongozaji asipopunguza okestra na fundi sauti asipowajali, wanamezwa.

Rekodi ninayoiweka juu ya zote ni ya mwongozaji John Eliot Gardiner na kwaya ya Monteverdi Choir, pamoja na Orchestre Révolutionnaire et Romantique, iliyorekodiwa 1992 na kutolewa na kampuni ya Archiv. Sifichi kwamba kwaya hii naipenda kuliko kwaya yoyote ya Ulaya. Gardiner aliianzisha 1964 akiwa mwanafunzi Cambridge, na mpaka leo ukisikia jina lake kwenye jalada unaweza kununua bila wasiwasi. Kwanza, ni kwaya ndogo, ya watu wanaosoma nota kama wewe unavyosoma gazeti. Pili, okestra inatumia ala za aina ya enzi za Beethoven, ambazo haziwafuniki waimbaji. Tatu, kwenye sauti ya pili kuna wanaume wanaoimba alto wakichanganyika na wanawake, jambo linaloipa sauti hiyo makali kidogo, na makali hayo ndiyo yanayopenya. "Deine Zauber" hapo inasikika kila silabi. Kwenye fyuga unaweza kufuata alto kwa kidole kwenye nota tangu mwanzo hadi mwisho bila kupotea. Alto wa solo ni Anne Sofie von Otter, na katika wale waimbaji wanne wa solo hakuna anayemfunika.

Wapo watakaosema inakimbia mno. Ni kweli inakwenda kasi. Gardiner anazifuata alama za kasi za Beethoven, na simfoni nzima inakwisha kwa takriban saa moja, wakati wengine wanatumia dakika sabini na zaidi. Mwalimu wa kwaya aliyezoea kuvuta nyimbo atashtuka sehemu ya tatu. Asikilize mara ya pili.

Ya pili kwangu ni ya mwongozaji George Szell na okestra ya Cleveland, 1961. Usiangalie jina la Szell tu. Aliyeiandaa kwaya ni Robert Shaw, mwalimu wa kwaya ambaye Marekani haijapata mwingine wa kiwango chake. Shaw alikuwa anawafundisha waimbaji wake nota kwa kuhesabu, kila mmoja akiimba namba za mapigo badala ya maneno mpaka mdundo ukae mwilini, ndipo awape maneno. Walimu wetu wanaoanza na solfa kabla ya maneno watamwelewa mara moja. Matokeo yake utayasikia: kwaya ni kubwa, lakini inaingia kwa wakati mmoja, na alto wanashika mstari wao bila kuomba ruhusa. Rekodi ni ya zamani na soprano wanapopanda juu sauti inakwaruza kidogo. Kwa anayetaka kufundishia, hii ndiyo nitampa, kwa sababu kasi yake ni ya wastani na kwaya yake ni ya ukubwa tunaoufahamu.

Nafasi ya tatu nampa Claudio Abbado, ila kuwa makini na mwaka. Abbado aliirekodi zaidi ya mara moja. Tafuta ile ya 1996, ya Sony, iliyochukuliwa Salzburg na Berlin Philharmonic. Wanaoimba ni kwaya mbili za Sweden: ya redio ya Taifa na ile ya Eric Ericson. Waswidi wanaimba safi, bila kutetemesha sauti, na safi hiyo inawasaidia sauti za kati. Ninaiweka chini ya Szell kwa kuwa okestra imejaa mno kwenye fyuga, na pale alto wanaanza vizuri halafu wanazama.

Sasa niguse ile ambayo kila muuzaji atakusukumia: Herbert von Karajan na Berlin Philharmonic, 1962, ya kampuni ya Deutsche Grammophon. Okestra ni tamu ajabu, na Gundula Janowitz akiimba soprano ya solo hana mpinzani kwenye orodha hii. Lakini kwaya, Wiener Singverein, imewekwa mbali, na sauti zake zote nne zinakufikia zimevurugika kama uji. Kipimo changu cha kwanza inaanguka. Kipimo cha pili, fyuga, utasikia soprano na violini, basi. Kama unampenda Karajan kwa ajili ya okestra, nunua kwa amani. Usiwapelekee wanakwaya.

Kuna rekodi mbili ambazo zinabaki nje ya mashindano. Ya kwanza ni ya Wilhelm Furtwängler, kwenye tamasha la Bayreuth, Ujerumani, 29 Julai 1951, siku tamasha hilo lilipofunguliwa tena baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ni ya mono, watu wanakohoa, na mwisho kabisa okestra inakimbia mpaka inakaribia kuvunjika. Kila anayeipenda kazi hii aisikie walau mara moja maishani, hasa sehemu ya tatu. Kwa ajili ya alto haina msaada. Ya pili ni ya Leonard Bernstein, Berlin Mashariki, Krismasi ya 1989, wiki chache baada ya ukuta wa Berlin kufunguliwa. Wanamuziki walitoka Ujerumani zote mbili, Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi, kukawa na kwaya ya watoto kutoka Dresden, na neno "Freude", furaha, likabadilishwa kuwa "Freiheit", uhuru. Inakwenda taratibu, nzito, imejaa watu. Mimi huiweka Krismasi na nalia kila mara. Mwanakwaya wa kujifunza asianze nayo, maana atajifunza neno ambalo halimo kwenye nota.

Na aliyetaka kuona Waafrika wakiiimba asidhani hakuna. Okestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa imeifanya, na ipo filamu ya 2010 inayoonyesha maandalizi yao, umeme ukikatika katikati ya mazoezi na watu wakiendelea gizani. Watu wa kwaya za Dar hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Za bei rahisi ni chache zenye maana. Ya kampuni ya Naxos, mwongozaji Béla Drahos na Nicolaus Esterházy Sinfonia, inasikika vizuri na haitakuumiza mfukoni. Imetosha.

Kuhusu kuipata. Duka la santuri za muziki huu hapa mjini usilitafute. Ukiagiza CD kutoka nje, nauli ya mzigo inaweza kuizidi bei ya CD yenyewe, kisha kuna ushuru, kisha kuna kwenda kuisubiri. Njia ya kueleweka siku hizi ni kupakua faili halali mtandaoni au kulipia huduma ya kusikiliza kwa mwezi, na kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye simu inatosha kulipia. Andika jina la mwongozaji, okestra na mwaka, vyote vitatu. Ukiandika "Beethoven 9" peke yake utaletewa chochote. Chagua ubora wa juu wa sauti hata kama unakula kifurushi, maana faili iliyobanwa sana inaanza kwa kuharibu kwaya, na katika kwaya inaanza kwa kuchanganya sauti za kati.

Wanaojaza nyimbo kwenye flashi Kariakoo nina ugomvi nao, na sitaumaliza leo. Wanatoza hela kamili kwa kazi ambayo hawakuinunua, wanafuta majina ya waimbaji, wanakata sehemu tatu za kwanza kwa sababu "hazina kuimba", halafu wanaandika kwenye faili "Beethoven Kwaya Mpya". Mtu aliyeimba alto Cleveland mwaka 1961 anakuwa hana jina, hana mwongozaji, hana hata mji. Ukimuuliza muuzaji ni okestra gani, anakuangalia kana kwamba umemtukana. Kwaya ya usharika inachangishana, kila mtu buku mbili buku mbili, ili ipate rekodi ya kujifunzia, na inaletewa hiyo. Wakati huohuo wale wale wanaolalamika kwamba muziki halali ni ghali wanalipia sabufa ya laki tatu bila kuuliza swali.

Na sabufa yenyewe ni adui. Nyingi zinazouzwa hapa zimetengenezwa kwa ajili ya kupiga besi ukuta utikisike. Ukiweka Simfoni ya Tisa, timpani na kontrabesi zinajaa chumba, na alto niliyemhangaikia muda wote huu anapotea tena, hata kwenye rekodi ya Gardiner. Punguza besi mpaka mwisho, sogeza spika mbali na kona, au tumia visikilizio vya masikioni vya bei ya kati. Kwa mazoezi ya kwaya, spika mbili za kawaida za kanisani zilizowekwa kimo cha kichwa zitafanya kazi nzuri kuliko sabufa yoyote.

Inasimuliwa kwamba siku kazi hii ilipoimbwa mara ya kwanza, Vienna, 7 Mei 1824, Beethoven alikuwa kiziwi kabisa na hakujua kwamba watu wanamshangilia nyuma yake. Aliyemgeuza ili aone mikono ya watu ni Caroline Unger, mwimbaji wa alto ya solo. Mwambieni hilo mwalimu anayewaweka alto nyuma ya nguzo. Na ukienda kununua, mwombe muuzaji akufungulie sehemu ya nne, pale besi wa solo anapomaliza ubeti wake na kwaya inapoingia. Usiposikia mwanamke, mrudishie flashi yake.