Amplifaya ya wati 60 na honi mbili za mnarani: inamfaa mwadhini?

Kwa msikiti wa mtaa wenye mnara mmoja, seti hii inatosha: amplifaya, honi mbili za alumini na maiki ya shingo ya kupinda. Sauti itafika. Maneno kufika yakiwa mazima ni kazi ya vitufe.

Tuanze na eko, maana ndiyo inayoharibu adhana nyingi. Ikizidishwa, mkia wa "akbar" hurefuka hadi ukasikika "akbaar", neno jingine kabisa la Kiarabu, lenye maana ya ngoma. Na ile ha ya "falah" humezwa na tamko linalofuata. Iwe sifuri. Besi nayo ishushwe, kwani uniti ya honi (kile kifaa cha nyuma kinachotoa sauti) haiwezi sauti nzito: kiwambo chake, utando mwembamba unaotetema, hupasuka, makwaruzo yakaanza. Uniti nyingi hubadilishwa kiwambo tu, usikubali kuuziwa honi nzima.

Maiki inasikia mbele tu. Mwadhini akigeukia kulia kwa "Hayya alas-salah" na kushoto kwa "Hayya alal-falah", sauti hupotea, na walio mbali hudhani umeme umekatika. Asimame shubiri moja kutoka kwenye maiki, ageuze shingo kidogo, kifua kibaki kibla. (Maiki ya kuvaa sikioni? Itagombana na vidole anavyoweka masikioni.)

Honi mbili za omu 16 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiungwa sambamba zinakuwa omu 8, basi waya ziingie penye alama ya 8. Zikipelekwa penye alama ya volti 100, ya spika zenye transfoma, bila transfoma, uniti zinaungua. Honi yenyewe iinamishwe kidogo, maji ya mvua yasituame ndani. Skrubu za chuma cha kawaida hazifai Pwani, chumvi inazila.

Sifa yake kubwa ni tundu la betri ya volti 12. Kwa sauti ya juu inanyonya ampea 8 hivi. Adhana tano za dakika nne ni dakika 20, yaani chini ya ampea-saa 3 kwa siku, hivyo betri ya gari ya ampea-saa 40 inavuka siku kadhaa. Ila ikisahauliwa kuzimwa baada ya Isha, betri inaweza kuisha kabla ya "As-salatu khayrun minan-nawm" ya alfajiri.

Kasoro inayoudhi: haina swichi ya kutenga honi na spika za ndani, kwa hiyo ikama (mwito wa kusimamisha sala) na sala nzima hutoka hadi mtaani. Msikiti uliobanana na nyumba uchukue modeli yenye swichi hiyo, hata kama bei inapanda.